Mpiga Picha wa Pili: Historia Fupi ya Mwanga Mgumu Katika Harusi za Tanga



Wenzangu wengi wameshaandika katika kurasa hizi habari za mabweni, za mpira na za walimu wetu. Mimi nimeonelea niandike habari ya kazi iliyoanza kunipa riziki nikiwa bado mwanafunzi, nayo ni kazi ya kupiga picha za harusi. Wala sitaandika habari za mpiga picha mkuu, yule aliyesimama mbele na kuamrisha watu wasogee. Nitaandika habari za yule wa pili, aliyebeba begi na kutumwa mahali ambapo mwanga ni mbaya. Nina sababu ya kufanya hivyo, na msomaji ataiona.

Mwaka 1976, siku moja ya Jumamosi, palikuwa na harusi Nguvumali. Bibi harusi alikuwa dada wa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja. Fundi wangu, mzee mmoja aliyekuwa na studio ndogo mjini, alikwenda barazani kwa wanaume kupiga picha za nikahi. Mimi alinituma ndani. Nilipofika kwenye ukumbi wa nyumba nilimkuta bibi yao, mama mzazi wa baba yao, amekaa juu ya kiti karibu na mlango wa uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nami unipige, maana tangu nizaliwe sijapigwa picha."

Nikampiga moja. Mkanda ulikuwa wa picha 36 na ulitakiwa utoshe harusi nzima, kwa hiyo sikuthubutu kumpiga ya pili. Tulipousafisha mkanda, uani ulionekana vizuri sana: kamba ya nguo, sufuria za pilau, hata kuku. Katikati palikuwa na umbo jeusi la mtu aliyejitanda kanga, lisilo na macho wala mdomo. Miezi michache baadaye bibi yule alifariki. Rafiki yangu akaja studio kuomba picha ya bibi yake, nami sikuwa na la kumpa.

Tangu siku hiyo nimejiuliza kwa nini kamera ilimwona kuku isimwone bibi. Kujibu swali hilo hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Jua la pwani na studio za kwanza

Upigaji picha ulitangazwa rasmi huko Ufaransa mwaka 1839. Katika pwani yetu uliingia katika nusu ya pili ya karne ya 19, na kitovu chake kilikuwa Unguja. Huko wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walifungua studio na kuuza picha za masultani, za mitaa na za watu. Wakati wa utawala wa Kijerumani, Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka nchi akipiga picha nyingi, zikiwamo za vita vya 1914 hadi 1918. Baadaye zikaja studio ambazo wazee wetu walizijua kwa majina. Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942. Lamu, Omar Said Bakor alifungua ya kwake katika miaka ya 1960.

Mtu angedhani kwamba katika nchi yenye jua kali kama yetu mwanga usingekuwa shida. Kumbe jua lenyewe ndilo shida ya kwanza. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Mtu akisimama uwanjani wakati huo, paji la uso na ncha ya pua hung'aa, lakini macho huwa mashimo mawili meusi. Na kama amevaa kanzu nyeupe, kanzu hurudisha mwanga mwingi kupita uso wake mara nyingi. Ukiipigia kanzu, uso unapotea. Ukiupigia uso, nakshi zote za kanzu zinafutika.

Ndiyo maana wapiga picha wa zamani walipenda kivuli. Wengi walitumia mwanga wa dirisha au wa paa la kioo, wakautuliza kwa pazia jeupe. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta aliyefungua studio mwaka 1948 alipiga picha nyingi katika ua wa nyumba yake kwa mwanga wa mchana, huku kitambaa kikiwa kimetundikwa nyuma. Leo picha zake zinatazamwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani.

Lakini harusi haihamishwi studio. Harusi ina saa zake na nyumba yake, na mpiga picha ndiye anayeifuata.

Kwa nini akahitajika mtu wa pili

Katika harusi za pwani, shughuli hufanyika mahali pawili kwa wakati mmoja. Wanaume huwa msikitini au barazani pamoja na sheikh, walii na mashahidi. Wanawake huwa ndani na uani, na huko ndiko kuna hina, ngoma, vigelegele na mapambo ya bibi harusi. Mtu mmoja hawezi kuwa kote kuwili. Tena mwanamume mtu mzima hakuruhusiwa kuingia ovyo kwa wanawake. Kwa hiyo fundi alimchukua kijana, aghalabu mwanafunzi mwenye adabu anayejulikana mtaani, akaingia kwa muda mfupi akiongozwa na shangazi mmoja wa bibi harusi. Shangazi ndiye aliyeamua nani apigwe na nani asipigwe, na neno lake lilikuwa sheria. Suala la nani aone picha ya mwanamke ni zito katika pwani yote. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend amelieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki.

Sasa angalia jinsi mambo yalivyogawanyika. Barazani palikuwa na kivuli kizuri kilichoangazwa na uwanja wa mbele, na ndiko alikokaa fundi mkuu mwenye kamera bora. Ndani palikuwa na giza, moshi na milango yenye jua kali nyuma yake, na ndiko alikotumwa mtu wa pili mwenye kamera hafifu.

Kamera yangu ilikuwa Zenit-E iliyotengenezwa Urusi. Ilikuwa imara, na kipima mwanga chake hakikuhitaji betri. Ya fundi ilikuwa Yashica ya lenzi mbili. Flashi ilikuwa moja tu, nayo ilikaa kwa fundi. Kwa miaka mingi nilidhani huo ulikuwa uchoyo. Baadaye nikaelewa kwamba palikuwa na sababu ya kiufundi. Zenit-E haiwezi kufanya kazi na flashi ya umeme kwa kasi inayozidi 1/30. Ukiwa juani na filamu ya ASA 100, kasi hiyo inataka tundu la lenzi namba 32, na lenzi yangu iliishia namba 16. Picha ingeungua. Shata ya Yashica iko ndani ya lenzi, na inakubaliana na flashi kwa kasi zote. Kwa hiyo fundi aliweza kuutupia uso mwanga kidogo hata juani, akafuta yale mashimo meusi ya macho, na mimi sikuweza.

Karabai, umeme na flashi

Usiku ulikuwa na matatizo yake. Umeme wa maporomoko ya mto Pangani ulianza kuitumikia Tanga katika miaka ya 1930, na kituo cha Hale kikaanza kazi mwaka 1964. Hata hivyo, nyumba nyingi za mitaa yetu zilikaa muda mrefu bila waya. Harusi za usiku ziliangazwa kwa karabai. Tanga ya Black Star na Lucky Star, vyama vya taarabu vilivyosifika pwani nzima, ilikuwa mji wa kukesha, na chini ya karabai moja wangeweza kukaa watu mia moja.

Karabai hung'aa sana karibu na utambi wake, lakini mwanga hupungua upesi ukienda mbali. Mwanga wa taa ukienda umbali mara mbili hubaki robo. Aliye mita 1 kutoka kwenye karabai huungua, na aliye mita 4 hupata sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga ule. Kwa filamu za siku zile kazi hiyo ilitaka kasi ya 1/8 au pungufu, na mtu anayepiga kigelegele hawezi kutulia muda huo.

Duniani wenzetu walikuwa wamelishughulikia jambo hili zamani. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walitengeneza unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali. Ulitoa moshi mwingi na ulikuwa wa hatari. Mwaka 1929 ikatokea Ujerumani balbu ya flashi, ambayo moto wake ulifungiwa ndani ya kioo. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani akaendeleza flashi ya umeme. Kwa kifaa cha namna hiyo Malick Sidibé wa Bamako aliwafuata vijana katika dansi zao za usiku miaka ya 1960.

Flashi nayo ina kanuni, na fundi alinifundisha kwa hesabu ya darasani. Kila flashi ina namba yake. Ikiwa namba ni 24 kwa mita, na mtu yuko mita 3, gawa: tundu ni namba 8. Akiwa mita 6, tundu ni namba 4. Ukikosea umbali, umekosea picha. Katika nyumba zilizoendelea mpiga picha huelekeza flashi kwenye dari jeupe ili mwanga urudi kwa upole. Nyumba zetu nyingi hazikuwa na dari, na mwanga ulipotelea kwenye boriti na mabati. Tulielekeza flashi kwenye ukuta wa chokaa ubavuni. Ila kama ukuta ulipakwa rangi ya kijani, na filamu ni ya rangi, bibi harusi alitoka kijani kama jani la mgomba.

Kosa lililofanyika ukumbini

Sasa narudi kwa yule bibi. Kipima mwanga cha kamera hakijui uso ni nini. Kimefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya pamoja, ni kijivu cha wastani kinachorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga. Siku ile mbele yake palikuwa na mlango uliojaa jua la saa saba. Kipimo kikaona mwanga ni mwingi, sindano ikapanda, nami nikaitii. Nililifunga tundu kwa ajili ya uani. Uso wa bibi uliokuwa kivulini ulipata mwanga mdogo mno hata filamu haikuandika kitu.

Fundi alijaribu kuiokoa. Aliingia chumba cha giza, akachapa negativu ile kwenye karatasi ngumu, akapunguza sekunde, akarudia tena. Halafu akaniita akanionyesha negativu mbele ya taa. Mahali pa uso palikuwa kioo kitupu.

"Tazama, mwanangu. Picha ni fedha iliyobaki kwenye filamu. Hapa haikubaki hata chembe. Nitachapa nini?"

Hakunifokea. Alinipeleka tu mlangoni, akaninyoshea kiganja changu kivulini, akaniambia nisogeze kipimo hadi kiganjani. Viganja vya watu wengi, wawe weusi au weupe, vinakaribiana. Hung'aa hatua moja hivi kupita kile kijivu cha wastani. Kwa hiyo unapima kiganja kikiwa katika mwanga ule ule ulioko usoni pa mtu, kisha unaongeza hatua moja. Uani uache uungue. Hakuna aliyekuja harusini kuangalia sufuria.

Ningeweza pia kumwomba bibi ageuze kiti, uso wake uelekee mlango wa uani na mimi nisimame upande huo. Hapo mlango ungekuwa taa yake, kama dirisha la studio. Ilikuwa ni kazi ya nusu dakika. Sikuifanya kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu niliona haya kumsumbua mtu mzima.

Hata viwandani hawakutuhesabu

Ni haki vijana wajue kwamba kosa kama hili halikuwa la mtu mmoja tu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara picha ya mfano ya mwanamke mweupe, aliyezoeleka kwa jina la Shirley. Maabara zilisawazisha rangi mpaka Shirley atoke vizuri, na wengine wote wakapimwa kwa ngozi yake. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 2009, alieleza kwamba msukumo mmojawapo wa kurekebisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Walilalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazionekani sawasawa. Basi kahawia ya kabati ilipata wasemaji kabla ya kahawia ya nyuso zetu.

Nasema haya si kwa kutafuta wa kumlaumu. Filamu hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo, na mafundi wetu wa Tanga, Unguja na Mombasa walijifunza kuishinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, hata filamu hiyo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Fundi alinipa mkanda mmoja kwa harusi nzima akaniambia nihesabu kila picha. Uhaba ule ulinifundisha kuangalia kabla ya kubonyeza. Nilijifunza kuingia nyumbani mapema na kutembea kutoka barazani, kupitia ukumbini, hadi uani, nikitafuta mwanga uko wapi saa ile na utakuwa wapi saa ijayo. Nilijifunza kumwomba shangazi kanga nyeupe au shuka safi, mtu akaishika ubavuni mwa bibi harusi ili irudishe mwanga upande wa giza. Na nilijifunza kutomwonea haya mzee: "Bibi, niwie radhi, nakuomba ugeuke kidogo." Hakuna hata mmoja aliyenikatalia.

Mambo ya leo

Siku hizi filamu imekuwa kitu cha nadra. Kamera za kidijitali zinaona kwenye giza ambalo Zenit yangu ingekuwa kipofu, na picha unaiona papo hapo. Katika harusi nyingi wasichana ndio wapiga picha wa upande wa wanawake, jambo ambalo ni la kheri, maana wanaingia bila kuzuiwa na wanakaa mpaka mwisho.

Lakini mwanga mgumu haujahama Nguvumali. Turubai la bluu linaloezekwa uwanjani hupaka kila uso rangi ya bluu. Taa za tyubu kumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Ukipiga kwa kasi kubwa picha hutoka na michirizi, na dawa yake ni kasi ya 1/100 au 1/50. Taa za zambarau za jukwaani humfanya bibi harusi aliyepambwa kwa gharama aonekane kama amechovywa kwenye wino. Hapo mpiga picha wa pili anapaswa kuongea na fundi wa taa mapema, kwa heshima, amwombe angalau dakika tano za taa nyeupe.

Na kosa langu la mwaka 1976 naliona kila wiki katika simu za vijana: mtu amesimama mlangoni, bahari nyuma yake inapendeza, uso hauonekani. Mwanafunzi unayesoma haya, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, ili simu ipime mwanga hapo. Kisha mtazame. Kama macho hayaonekani, mwombe ageuke.

Negativu ile ninayo mpaka leo ndani ya bahasha. Miaka michache iliyopita mjukuu wangu aliipitisha kwenye kompyuta, akaongeza mwanga kadiri mashine ilivyoweza. Kuku alizidi kung'aa, na pale palipokuwa na uso hapakutokea kitu. Rafiki yangu wa dawati alikuwa amekaa kando yangu. Alitazama kwa muda, kisha akasema kwamba kanga ile anaikumbuka, na bibi alipenda kuifunga hivyo hivyo, upande mmoja ukining'inia. Akaniomba nimchapie nakala. Nimemchapia, nayo ameitundika ukumbini kwake.

Wanafunzi, mkipewa kazi ya pili, ipokeeni. Mkuu atapiga picha za watu ambao kila mtu atawapiga. Ninyi mtatumwa kwa waliokaa pembeni, na pengine hiyo ndiyo picha ya pekee watakayopigwa. Pimeni mwanga wa nyuso zao.